Tunajua Nini Juu ya Mvua za Inchi Yetu?

Ukimwuliza mtoto wa shule katika miji yetu majira ya mwaka yako mangapi, mara nyingi hujibu upesi: manne. Kisha huyataja kwa Kifaransa moja moja, na lile la theluji halisahau kamwe. Lakini mwulize kwa nini mvua ya Lubumbashi hukatika karibu na Pasaka nayo ya Kisangani haikatiki. Mwulize maji ya ziwa Tanganyika yalifika wapi mwaka 1964. Hapo atakutazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa jirani. Hatumlaumu, maana amejibu alichofundishwa. Majira manne ni ya Ubelgiji na ya Ufaransa. Ya kwetu ni mengine, nayo yana historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika vitabu visivyofika vijijini.

Kwa hiyo tumeona vema leo kuweka maswali machache mbele yenu, kama mwalimu afanyavyo mwisho wa juma. Msomaji afunike jibu kwa mkono, ajaribu kwanza mwenyewe, halafu asome. Alama hatutampa mtu.

Swali la kwanza linaonekana jepesi. Kongo ina misimu mingapi ya mvua?

Anayejibu mmoja amekosa, na anayejibu miwili amekosa vile vile, kwa sababu jibu linategemea umesimama wapi. Mstari wa ikweta unaikata inchi yetu: karibu theluthi moja iko kaskazini yake, na theluthi mbili ziko kusini. Mvua hulifuata jua. Katikati ya mwaka jua likiwa upande wa kaskazini, mvua nyingi iko Uele na Ubangi, na wakati ule ule Katanga ni kiangazi, vumbi linapanda njiani na majani yanachomwa. Jua likirudi kusini, mvua nayo inarudi: Lubumbashi inaipata tangu mwezi wa Oktoba au Novemba hata Aprili, kadiri ya milimeta 1,200 kwa mwaka, halafu mbingu zinafungwa. Mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi ni baridi kweli huko, hata katika mabonde ya nyanda za juu majani huonekana meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Mtu wa Kisangani akiambiwa hivyo hucheka. Kwake jua hupita juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka, ndiyo maana mvua huzidi mara mbili, wala hakuna mwezi ulio mkavu kabisa. Jumla ya mwaka hufika kadiri ya milimeta 1,700.

Na tusidhani kwamba penye maji mengi ndipo penye mvua nyingi. Muanda iko ukingoni mwa bahari, nayo hupata karibu nusu tu ya mvua ya Kisangani. Sababu yake ni mkondo wa maji ya baridi unaotoka kusini na kupita pwani ya Angola. Hewa iliyo juu ya maji ya baridi haipandi kwa urahisi, na hewa isiyopanda haileti mvua. Hata hapa kwetu mashariki mambo ni hayo hayo ya kushangaza. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kadiri ya meta 1,460, na Tanganyika kadiri ya meta 770 tu. Mtu akishuka kutoka Bukavu kwenda Uvira anaacha migomba na ukungu, na kabla ya jioni amefika katika bonde la Ruzizi lenye jua kali na miti ya miiba. Inchi ni moja, mkoa ni mmoja, lakini mkulima wa Kabare na mkulima wa Kiliba hawana kalenda moja ya mbegu.

Swali la pili linafuata la kwanza. Mto Kongo hujaa Kinshasa mwezi wa Desemba, unapungua, kisha hupanda tena kidogo mwezi wa Aprili au wa Mei, na mnamo Julai na Agosti huwa chini kabisa. Kwa nini hujaa mara mbili?

Aliyejibu vizuri swali la kwanza anaweza kujibu na hili. Mto wetu unapita ikweta mara mbili, na vijito vyake vinatoka pande zote mbili. Mvua za kaskazini hushuka kwa Ubangi na mito mingine ya huko, na maji yake hufika Kinshasa mwisho wa mwaka, pamoja na maji ya katikati. Mvua za kusini hushuka kwa Kasai na kwa Lualaba, nazo huja kusaidia baadaye. Upande mmoja ukilala, mwingine unaamka. Ndiyo sababu mto Kongo haukauki wala haubadiliki sana kama mito mingine ya Afrika: kwa kawaida hupitisha Kinshasa kadiri ya meta za ujazo 40,000 kwa kila sekunde. Meta moja ya ujazo ni kama mapipa matano ya mafuta. Msomaji afanye hesabu mwenyewe.

Sasa tunafika kwenye swali tunalolipenda kuliko yote, na tutakaa hapo.

Mto Lukuga, unaopita Kalemie, unatoa maji ziwani au unaingiza?

Leo jibu ni wazi: unatoa. Unachukua maji ya Tanganyika na kuyapeleka Lualaba, na kwa njia hiyo mpaka Bahari ya Atlantiki. Lakini miaka mia moja na hamsini iliyopita neno hili lilizua ubishi mkubwa Ulaya. Mwezi wa Mei 1874 Mwingereza Cameron alizunguka upande wa kusini wa ziwa kwa mashua, akafika mdomo wa Lukuga, akatangaza kwamba hapo ndipo maji yanapotokea. Mwaka 1876, mwezi wa Julai, alifika Stanley. Yeye aliona mafunjo na matope yameziba njia, na maji hayaendi popote. Alisema lakini kwamba ziwa linapanda, na kwamba baada ya muda kidogo litashinda kizuizi hicho na kupita. Waliokaa Ulaya wakabishana nani amesema kweli.

Wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa siku aliyofika. Maana ziwa lilikuwa linapanda miaka ile, mvua zikiwa nyingi. Mwaka 1878 likazidi urefu wa ule ukuta wa matope na mafunjo, likaubomoa. Mwaka 1879 Hore, Mprotestanti wa misioni ya London aliyekaa Ujiji, alikwenda kutazama, akakuta Lukuga ni mto wenye nguvu. Mwisho wa mwaka ule ule Thomson naye akauona vivyo hivyo. Maji yalipopata mlango hayakungoja. Katika miaka kumi na mitano hivi ziwa lilishuka kadiri ya meta 10. Fikirini ziwa lenye urefu wa kilometa zaidi ya 600, linashuka kama nyumba ya orofa tatu! Mapadri Weupe wa kwanza walifika Ujiji mwaka 1879, basi walilikuta ziwa likiwa katika kurudi nyuma, na kila mwaka ufuko ulikuwa mpana zaidi. Ndiyo sababu vile vile mtu anayetembelea Ujiji leo, penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871, hushangaa kuona maji yako mbali. Siku zile yalikuwa karibu.

Tuulize: kwa nini ziwa kubwa namna hii linageuka upesi hivi? Watu wengi hufikiri kwamba maji yote yanayoingia ziwani hutoka kwa Lukuga. Sivyo. Sehemu kubwa sana hupanda hewani kwa jua na upepo, nayo Lukuga huchukua kilichobaki tu. Ziwa ni kama sufuria pana iliyo juani: ukiongeza maji kidogo kila siku kupita yale yanayokauka, sufuria inapanda; ukipunguza kidogo, inashuka. Miaka michache ya mvua nzuri kupita desturi, au ya mvua haba, inatosha. Tena kukiwa na miaka mingi ya ziwa kuwa chini, Lukuga unalala, mafunjo yanaota mdomoni mwake, vijito vya kando vinaleta matope, na mlango unafungwa polepole. Kisha mvua zinarudi na kukuta mlango umefungwa. Jambo hili Cameron na Stanley walilikuta likiwa katikati, mmoja huku, mwingine kule.

Swali la nne basi ni la miaka iliyo karibu. Ni mwaka gani mto Kongo ulijaa kupita miaka yote iliyopimwa?

Wazee wengi wa Kinshasa wangejibu bila kufikiri: 1961. Wamesema kweli. Mto unapimwa huko tangu mwanzo wa karne ya 20, na alama ya Desemba 1961 haijapitwa. Maji yalifika karibu meta za ujazo 80,000 kwa sekunde, yaani mara mbili ya kawaida. Lakini watu wa Kinshasa husimulia kana kwamba jambo hilo lilikuwa la kwao peke yao, kumbe lilikuwa la nusu ya Afrika. Mwisho wa mwaka ule mvua zilinyesha kupita kiasi tangu Somalia na Kenya mpaka kwetu. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya meta 2 kati ya 1961 na 1964. Tanganyika nayo ikapanda miaka ile ile, ikafika kilele chake mwezi wa Mei 1964, maji yakaingia katika mitaa ya chini ya Kalemie, ambayo siku zile iliitwa Albertville, na ya Uvira, na ya Bujumbura ng'ambo.

Sababu? Wataalamu wanaitafuta mbali, katika Bahari ya Hindi. Kwa kawaida maji ya joto ya bahari hiyo yako upande wa Indonesia. Miaka mingine hugeuka: upande wa Afrika hupata joto kuliko desturi, na upande wa Indonesia hupoa. Mvuke mwingi basi hupanda karibu nasi, na mvua zinafuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na ndivyo ilivyokuwa kwa nguvu mwaka 2019. Aliyekumbuka mambo ya mwaka 1961 alikuwa na sababu ya kuogopa alipoona mvua za mwisho wa 2019, kwa maana Aprili 2020 mto Mulongwe uliruka kingo zake Uvira, ukachukua nyumba na watu. Na ziwa likaanza kupanda tena. Mwaka 2024 lilikaribia alama ya 1964. Bandari ya Kalundu iliingiwa na maji, na watu wa Kilomoni walipita kwa mitumbwi kati ya nyumba zao. Mwezi wa Januari mwaka ule ule mto Kongo ulifika meta 6.20 Kinshasa. Ile alama ya 1961 ni 6.26. Zilibaki santimeta sita tu, upana wa vidole vitatu au vinne!

Hapa tunataka kusema jambo moja bila kuficha. Tumesikia watu wakisema ziwa limekuja kuwaibia viwanja. Tunawahurumia kwa moyo, maana nyumba ya mtu maskini ni jasho la miaka mingi. Lakini tutazame vizuri. Baada ya 1964 maji yalipungua, yakaacha ufuko mzuri, tambarare, karibu na soko na karibu na samaki. Watoto wakakua bila kuona maji yamefika pale. Vita vikaja, watu wakakimbia milimani wakitafuta mahali pa kulala, na mahali palipokuwa wazi ni pale ufukoni. Wenye kuuza viwanja walikuwa wengi, nao walitoa karatasi zenye mhuri. Mzee aliyejua alama ya 1964 hakuulizwa, au alikuwa amekwisha kufa. Ziwa halikuiba. Lilirudi mahali lilipokuwa limefika zamani, na lilikuwa limefika juu zaidi sana siku za Stanley. Kama jambo hili lingefundishwa shuleni pamoja na yale majira manne, pengine wengine wangejenga juu kidogo, au angalau mnunuzi angejua neno la kumwuliza mwenye kuuza.

Tusisahau na upande wa pili, wa miaka ya ukavu. Huu huacha alama chache ukingoni mwa maji, lakini huacha majina. Wanyarwanda huita Ruzagayura ile njaa ya 1943 na 1944. Mvua zilikosa, ugonjwa ukaharibu viazi, na wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikidai vyakula na kazi kwa ajili ya vita vya Ulaya. Watu wengi walikufa, wengine wakavuka kuja Kivu na kwenda Uganda. Tunataja mambo matatu pamoja kwa makusudi, kwa sababu mvua peke yake ni nadra kuua inchi nzima. Mvua inapokosa, ndipo inapoonekana kama ghala lilikuwa na kitu, na nani alikuwa na ufunguo wake.

Tuendelee na swali ambalo watu wa Kivu wanapaswa kulijua kuliko wengine wote. Ni mahali gani katika Afrika panapopigwa na radi mara nyingi kupita pengine?

Jibu: Kabare, karibu na Bukavu. Si maneno ya kujisifu. Mashine iliyozunguka dunia huko juu ilihesabu mimweko ya radi tangu 1998 mpaka 2013, na hesabu ikatangazwa mwaka 2016. Upande wa Kabare huonekana mimweko 205 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Duniani pote ni ziwa Maracaibo tu, huko Venezuela, linalotupita, kwa 233. Kabla ya hesabu hiyo milima yetu ndiyo iliyotajwa kuwa ya kwanza duniani.

Sababu ni ya kueleweka. Magharibi yetu kuna msitu mkubwa unaotoa mvuke mchana na usiku. Hewa yenye mvuke inasukumwa mashariki, inakuta milima ya Kivu imesimama kama ukuta, inalazimika kupanda upesi. Ikipanda inapoa, mawingu yanajengeka mpaka kimo kikubwa, na ndani yake vipande vya barafu vinagongana na kusuguana hata umeme unagawanyika, huku na huku. Halafu umeme unatafuta njia ya kukutana tena, kati ya wingu na wingu au kati ya wingu na inchi. Kwenye inchi huanguka kwa urahisi juu ya kilicho juu: kilele, mti ulio peke yake, mtu anayevuka uwanja. Basi kilima kikipigwa mwaka huu, mwaka ujao kinaweza kupigwa tena, kwa maana urefu wake haukubadilika.

Mnajua kwa nini tunaeleza kwa urefu hivi. Radi ikiua mtoto au ng'ombe kijijini, neno la kwanza la watu wengi si mawingu. Ni kuuliza: nani ameituma? Na jibu mara nyingi ni jina la mjane, au la mzee asiye na watoto wa kumtetea. Tumeona familia zilizofukuzwa kwa jambo hili, na katika mahali pengi imekuwa vibaya kuliko kufukuzwa. Sasa hesabuni. Mimweko zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba: kijiji chenye mashamba ya kilometa tano za mraba huonekana juu yake mimweko zaidi ya elfu moja kwa mwaka mmoja. Ingawa mingi haifiki chini, nani aliye na nguvu ya kutuma yote hiyo, na kwa faida gani? Ajabu kwetu ni kwamba haiui zaidi. Anayetaka kujilinda asikae chini ya mti ulio peke yake, aondoke kilimani na majini ngurumo zikianza, aingie ndani ya nyumba imara, asirudi shambani mpaka nusu saa imepita tangu ngurumo ya mwisho.

Swali lingine, fupi. Je, Kongo ina theluji?

Ile ya kudumu tunayo, lakini si kwa muda mrefu tena. Iko juu ya Ruwenzori, mpakani mwetu na Uganda, ambapo kilele cha Margherita kina meta 5,109. Stanley aliandika kwamba mwaka 1888 kijana mmoja alimwonyesha mlima, akisema umefunikwa na chumvi. Wenyeji wa chini ya mlima, Wakonzo na Wanande, hawakungoja Stanley. Walikuwa na neno lao la theluji, nzururu, na hadithi zake. Mwaka 1906 Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi, alipanda na wenzake, na Sella akapiga picha nzuri sana. Picha hizo leo ni ushahidi. Wakati ule barafu ilifunika kadiri ya kilometa za mraba sita au saba. Mwanzoni mwa karne hii ilibaki kama moja tu, na inaendelea kuyeyuka. Unesco ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za Afrika huenda zikaisha zote kabla ya 2050. Mtoto anayesoma darasa la kwanza mwaka huu anaweza kuwa mtu mzima na kuwahadithia watoto wake theluji ya Kongo kama sisi tunavyohadithiwa mambo ya mababu.

Joto hilo hilo limeshuka na ziwani. Wavuvi wa Tanganyika wanajua kwamba upepo wa kusini, ule wa Mei mpaka Septemba, ni taabu kwa mitumbwi lakini ni baraka kwa ndagala. Sababu yake ni hii: chakula cha samaki kiko katika maji ya chini, na upepo ndio unaoyachanganya na ya juu. Maji ya juu yakipata joto zaidi yanakuwa mepesi zaidi, yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi, na upepo unachoka kuyachanganya. Wataalamu waliopima ziwa waliandika hayo tangu mwaka 2003. Si kwamba nyavu za watu wengi hazina lawama. Zinayo. Lakini mvuvi anayelaumiwa peke yake ana haki ya kujua kwamba ziwa lenyewe limegeuka.

Tulitaka pia kuuliza juu ya msitu, maana watu wengi hufikiri msitu wa Kongo umekuwa vile ulivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Tutasema kidogo tu. Chini ya maziwa na mabwawa kuna tabaka za matope, na ndani yake kuna unga wa maua ya zamani. Wenye elimu husoma unga huo kama sisi tunavyosoma daftari la ubatizo, mwaka kwa mwaka. Wameona kwamba kati ya miaka 3,000 na 2,000 iliyopita msitu ulipungua pahali pengi, nyasi zikaingia, na michikichi ikaongezeka. Wengine husema ni ukavu uliofanya hivyo, wengine huweka na mashoka ya wakulima waliokuwa wakisambaa. Katika mabwawa ya Ekwateri, majani yasiyooza vizuri yamejilundika zaidi ya miaka 10,000, na mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ndani yake, upande wetu na upande wa Brazzaville, kuna kaboni ya tani kadiri ya bilioni 30. Udongo huo ukikauka, unaoza na kuitoa hewani. Zamani uliwahi kukauka na kupoteza sehemu yake, nao unaweza kukauka tena.

Swali la mwisho si la kufunika kwa mkono, kwa sababu jibu lake halimo katika kitabu chochote.

Wakati wa Wabelgiji, hasa tangu Ineac ilipoanzishwa mwaka 1933 na kuweka makao yake Yangambi, vituo vya kupima mvua viliongezeka katika inchi, na Bultot akatumia hesabu zake kutengeneza ramani za hewa ya bonde lote la Kongo. Tangu miaka ya 1960 vituo vingi vilifungwa. Idara ya serikali, Mettelsat, ina kazi kubwa na vyombo vichache. Basi kati ya hesabu za zamani na za leo kuna pengo, na kinachobaki katika pengo hilo ni vichwa vya wazee. Mzee husema: mwaka ule maji yalifika kwenye mwembe wa fulani, mwaka niliooa mvua zilichelewa hata Noeli, mwaka alipozaliwa mtoto wangu wa pili kijito hiki kilikauka. Tarehe ya ndoa na ya ubatizo iko katika daftari la parokia. Ukiunganisha neno la mzee na daftari, umepata mwaka.

Tunawauliza basi: katika kijiji chenu, maji ya 1964 yalifika wapi? Kijito gani kiliwahi kukauka, na mwaka gani? Kilima gani hupigwa na radi kila mara? Mwalimu aliye na daftari tupu awatume wanafunzi wake wakubwa kwa babu na bibi zao, waandike mwaka, mwezi, na mti au jiwe lenyewe. Na anayetaka kupima mvua ya leo achukue kopo lenye pande zilizosimama sawa, aliweke uwanjani mbali na miti na paa, na kila asubuhi saa moja atie rula ndani, asome milimeta, aandike, halafu amwage.